Mikono ya Mama na Sindano ya Bure

Mama yangu alikuwa mpakaji hina, na kwa miaka mingi harusi chache sana za Waislamu mtaani kwetu zilipita bila mkono wake. Tulikaa Old Kampala, nyuma ya duka la vitambaa la mjomba, mdogo wake mama, aliyetupokea baba alipofariki. Wazee wetu walifika huku zamani na biashara za pwani, wakabaki. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, na Kiganda tulikitumia dukani na sokoni. Mabibi harusi walikuja na shangazi zao, wengine kutoka Kawempe, wengine kutoka ng'ambo kabisa ya mji, wakaketi kwenye mkeka wa chumba cha nyuma. Mama alimshika bibi harusi mkono, akautazama kidogo kimya, kisha akaanza. Sikuwahi kumwona akichora kwanza kwa penseli. Ua lilianzia kwenye ncha ya kidole cha kati, likashuka mpaka kwenye kifundo, na mstari wake ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea.

Ugonjwa ulianza mwaka ule nilipomaliza sekondari na kuingia dukani kumsaidia mjomba. Kwanza mama alikosa usingizi. Baadaye akawa anaacha sufuria jikoni na kwenda kusimama karibu na ukuta, akisikiliza. Aliniomba niwaambie watu wa upande wa pili wapunguze sauti. Upande wa pili wa ukuta ule palikuwa na uchochoro mtupu na matanki ya maji. Tulijiambia kwamba ni majonzi, kwamba bado anamlilia baba, na kwamba muda utamtuliza.

Kisha akaja bibi harusi mmoja, msichana mnene mwenye kucheka, pamoja na shangazi yake. Mama alimpaka mkono wa kulia, na sikumbuki kama aliwahi kupaka mkono mzuri kuliko ule. Alipomaliza akakiweka kijiti cha hina chini na kukataa kuugusa wa kushoto. Alimweleza yule shangazi, kwa upole kabisa, kwamba mkono wa kushoto haukuwa wa huyu binti, ulikuwa wa mtu mwingine, na kuupaka bila ruhusa ya mwenyewe ingekuwa dhuluma. Shangazi alicheka akidhani ni mzaha. Alipomtazama mama usoni, kicheko kikamwisha.

Waliondoka, binti akilia. Niliwafuata na vifaa vyote kwenye kapu, nikampaka mkono wa kushoto mimi mwenyewe, nyumbani kwao, kwa mistari minene ya mwanafunzi. Nilianza kuomba radhi, shangazi akanikatiza. Alinishika bega akaniambia niende nikamwangalie mama yangu, mambo ya harusi niwaachie wao.

Mjomba alimwita sheikh wa madrasa, mtu aliyetusomesha sote utotoni. Alikuja mara kwa mara, akaketi mbali kidogo na mama, akasoma. Mama alimpenda. Aliniambia kwamba sheikh akisoma wale watu wa ukutani hunyamaza kwa adabu, na akiondoka hurudi. Baada ya muda sheikh mwenyewe alimwita mjomba pembeni, akamwambia kwamba yeye ataendelea kuomba dua, lakini na sisi tumpeleke mgonjwa kwa waganga wa hospitali, maana dua haikatazi dawa.

Mjomba alisitasita. Alikuwa mtu mwema, mwenye huruma hata kwa wateja waliokwepa kumlipa, lakini hospitali ya wagonjwa wa akili ilimtia hofu. Tangu udogo wetu jina la mahali pale lilikuwa tusi la kutupiana watoto njiani. Aliogopa watamfungia dada yake, na aliogopa pia watu watasema nini.

Aliyetuvusha hapo ni jirani yetu, mama wa Kikenya aliyekuwa akiuza mitumba kwenye jengo la pili. Alikuwa Mkristo mwenye msimamo, Jumapili hafungui biashara hata iweje. Siku moja alikuwa kwenye stendi ya teksi akipokea mzigo wake, akamwona mama akipita kati ya magari bila viatu, bila mtandio, akizungumza peke yake. Aliacha mzigo pale pale. Alivua sweta lake akamfunika nalo kichwa, akamshika mkono na kumleta mpaka dukani kwetu wakitembea polepole kama watu waliotoka matembezini. Alipomkabidhi kwetu alimwambia mjomba:

"Mimi nimeona hii maneno kwetu, na ndugu yangu wa tumbo moja. Kuna hospitali ya serikali, na siku hizi hawaitishi pesa. Kama mnaogopa, mimi nitaenda na nyinyi."

Akaenda nasi kweli. Mama tulimwambia tunakwenda kumtembelea jamaa. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kwenda, na siku ile hakuna aliyeona kwamba swali hilo lipo.

Walimlaza. Tulipokwenda kumwona alikuwa ametulia, amevaa gauni la hospitali, amekaa kwenye benchi la nje na wanawake wengine. Walimpa sindano, na baadaye wakatueleza kwamba sindano hiyo hukaa mwilini, mtu huchomwa mara moja kwa mwezi, na kwamba tungeweza kuipata bure kwenye kliniki ya kituo cha afya kimoja huko Kawempe, siku ya wagonjwa wa akili. Mama aliporudi nyumbani watu wa ukutani walikuwa wameondoka. Mjomba alichinja mbuzi akawagawia majirani. Jirani yetu Mkenya alipelekewa paja zima, na siku hiyo alifunga biashara mapema ingawa haikuwa Jumapili.

Tulifurahi hivyo kwa muda, kisha tukaanza kuyaona mengine.

Mama alitembea kama mtu aliyebeba maji kichwani, bila kupunga mikono. Uso wake, uliokuwa ukicheka kabla ya mdomo, ulinyooka ukabaki vile vile asubuhi na jioni. Miguu haikutulia, akikaa lazima ainuke, akiinuka lazima akae. Akilala, mate yalilowesha mto. Na mikono ikatetemeka. Haikuwa sana, mtu asiyemjua asingeona mpaka amwone akimimina chai.

Siku moja aliniita chumba cha nyuma, akakoroga hina, akaniambia nimpe kiganja. Nilimpa. Alianza kwenye ncha ya kidole cha kati kama kawaida. Mstari ulikwenda ukapotea, ukarudi, ukavimba mahali, ukakatika. Alijaribu kuushika mkono mmoja kwa mwingine. Mwishowe aliweka kijiti chini, akaninawisha kiganja kwa maji, polepole, kidole kimoja kimoja, mpaka ile rangi ikabaki kama doa la chai.

"Mwanangu," akasema, "hebu niambie ukweli. Nimepona au nimezimwa?"

Nilimwambia kwamba angalau sasa analala. Alikubali kwa kichwa. Alisema ndiyo, analala, na kwamba hakuwa akitaka kuwa mtovu wa shukrani.

Kliniki ya Kawempe ilikuwa chumba kimoja na kibaraza kirefu. Wagonjwa walikaa kwenye mabenchi ya kibarazani, na jina lako likiitwa unaingia, unainua mkono wa gauni au unajigeuza ukutani, unachomwa, unatoka. Aliyekuwa akisimamia ni afisa tabibu, mwanamke wa Kiganda mwenye miwani, mchovu na mkweli. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Kampala, l na r zikipokezana, na maneno ya Kiganda yakijaza mapengo. Mama alikizoea upesi, akawa hata anamwelewa kuliko mimi.

Siku ya kliniki iliyofuata mama hakuinua mkono wa gauni. Alimwambia kwamba yeye ni mpakaji hina, na kwamba tangu aanze sindano hawezi kazi. Akanyoosha mikono yake mbele, juu ya meza. Yule afisa aliitazama kwa muda, akavua miwani, akaipangusa.

Alituambia mambo ambayo hakuna aliyewahi kutuambia. Kwamba kutetemeka kule hakukuwa ugonjwa, kulitokana na dawa. Kwamba kulikuwa na vidonge vidogo vya kupunguza kutetemeka, navyo vilikuja mara moja moja. Na kwamba kulikuwa na dawa nyingine kabisa, ya vidonge, isiyokakamaza watu wengi namna ile, ingawa nayo ina matata yake, inanenepesha na inaleta usingizi.

"Nyabo, hii ya sindano serikali inaleta mingi," alisema, akimwita mama bibi kwa Kiganda. "Hiyo nyingine inaleta kidogo sana, inaisha halaka. Mimi napenda kukupa. Lakini hapana iko."

Mama aliuliza ni nani huamua ipi iletwe nyingi na ipi kidogo. Afisa alicheka bila furaha. Alisema hata yeye huandika maombi, halafu hupokea kinacholetwa. Nje, madukani, dawa ile ipo, kwa anayeweza.

Mjomba aliweza, kwa wakati ule. Alikwenda kuinunua mwenyewe kwenye duka la dawa mjini, akaileta kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, akamkabidhi dada yake kama mtu anayeleta zawadi ya Idi. Mabadiliko hayakuja mara moja. Lakini ulipofika wakati wa mvua mama alikuwa akimimina chai bila kumwaga, na siku moja nilimsikia jikoni akimcheka jirani yetu Mkenya aliyekuwa akijaribu kusukuma chapati. Alinenepa, ndiyo. Magauni yake yakaanza kumbana. Lakini alimpaka mtoto wa jirani kwa majaribio, kisha binti wa sheikh, na wateja wakaanza kurudi mmoja mmoja kwenye mkeka.

Kisha biashara ikaharibika. Mwenye jengo alikuwa akitaka kulibomoa ajenge maduka ya ghorofa, wapangaji wakawa hawajui hatima yao, mjomba akalazimika kuhamisha bidhaa na kupanga chumba kidogo cha duka kilichojificha, ambako wateja wa zamani hawakumpata. Alipunguza mambo mengi kimya kimya kabla ya kuigusa dawa. Niliona anatembea kwa miguu alikokuwa akipanda gari. Lakini hatimaye ilibidi aseme. Alimwomba mama arudi kwenye sindano, kwa muda tu, mpaka mambo yakae sawa.

Mama alikataa.

Walibishana kwa sauti ya chini, kama watu wanaopendana. Mjomba alisema ni afadhali mikono itetemeke kuliko akili. Mama alimwambia kwamba anayesema hivyo ni mtu ambaye mikono yake haitetemeki. Akasema pia kwamba mikono ile ndiyo inayomfanya ajione mtu ndani ya nyumba ya mdogo wake badala ya mzigo. Mjomba aliumia kusikia hivyo. Aliapa kwamba hajawahi kumhesabu mzigo. Mama akamjibu kwamba anajua, lakini kujua hakumwondolei hisia hiyo.

Akagawanya vidonge vilivyobaki, akala nusu nusu ili vidumu. Nami nilijua, kwa sababu ni mimi niliyemkatia kwa kisu. Vilipokwisha hatukuwa na kitu, sindano hataki, vidonge hakuna. Watu wa ukutani walirudi. Safari hii walikuwa wakali. Walimwambia kwamba kwenye chai kuna sumu, na alipoacha kunywa chai wakamwambia na kwenye maji pia. Midomo yake ilipasuka kwa kiu mchana kutwa mbele ya mtungi uliojaa.

Mjomba aliogopa atamfia mikononi. Alikodi gari, akaita vijana wawili wa mtaani wenye nguvu, wakamshika mama na kumwingiza. Alipigana nao. Mtandio ulibaki mlangoni, nami niliuokota nikakimbia nao kando ya gari. Mjomba alikaa mbele, karibu na dereva, na njia nzima hakugeuka nyuma. Tulipofika alishuka akaenda kusimama peke yake kando ya ukuta wa lango, uso ameuficha kwa kiganja.

Alilazwa tena, akachomwa tena. Nilikuwa nikienda kumtazama kila nilipopata nafasi, na mara ya kwanza hakuzungumza nami. Mara iliyofuata alikula. Baadaye akaniuliza mtandio wake uko wapi, nikajua anarudi.

Kabla hajatoka, daktari wa wodi alituita sote watatu, mama, mjomba na mimi. Alikuwa kijana bado, na alikuwa na haraka kama madaktari wote wa serikali, kwa sababu wagonjwa waliomsubiri walijaa mpaka ngazini. Nilidhani atatupa maelekezo tuondoke. Badala yake alivuta kiti kwa upande wa mama, akamuuliza yeye, si sisi: ugonjwa huu huenda ukarudi, je, ukirudi, yeye angependa tumfanyie nini?

Mama aliurekebisha mtandio wake kwanza. Nilifikiri sindano imemfunga ulimi. Kumbe alikuwa akipanga maneno. Alipoanza kusema, alisema polepole, bila kutafuta.

"Vidonge vikiwepo nataka vidonge. Visipokuwepo, nichomeni sindano, lakini dozi ndogo, na mnipe na vile vya kutetemeka. Kabla ya kunichoma niambieni, hata kama mnaniona sielewi. Wanaume wasinishike. Mwiteni binti yangu, yeye akiniambia panda gari, nitapanda. Na mdogo wangu asilaumiwe. Alikuwa anaogopa."

Mjomba aliinama. Daktari alimshukuru mama, akaandika kwenye karatasi za wodi, kisha akanigeukia akaniuliza kama nimesikia. Nilimwambia nimesikia. Nilikuwa nimesikia zaidi ya alivyouliza. Kwa muda wote wa ugonjwa tulikuwa tukizungumza juu ya mama, mbele ya mama, kama watu wanaojadili kuhusu chombo kilichovunjika. Sasa mtu mmoja amemuuliza swali moja, na majibu yote yalikuwa pale, yamekomaa, yakisubiri kuulizwa.

Tulirudi Kawempe. Mama alichomwa ile sindano ndogo, akapewa vya kutetemeka vilipokuwepo. Mikono ilikuwa nusu nusu, siku nyingine nzuri, siku nyingine mbaya. Ndipo afisa tabibu akatuambia kwamba wakubwa wanaopanga fedha za afya watakuja kituoni kuzungumza na wagonjwa, na akamwomba mama aje. Jirani yetu alimsaidia kuchagua nguo. Alimletea kutoka kwenye mitumba yake koti la rangi ya zambarau, zuri mno, akakataa kuambiwa asante.

Mkutano ulifanyika pale pale kibarazani. Wageni walikuwa wachache, wakakalishwa kwenye viti vya plastiki, nasi kwenye mabenchi. Walizungumza Kiingereza na Kiganda. Wagonjwa wengi walishukuru tu, kama watu wanaoogopa kupokonywa hata kile kidogo. Mama aliinua mkono, akaomba kuzungumza Kiswahili, na nikaona baadhi ya watu wakijikunyata kidogo. Kwa wengi wa rika lake pale Kampala Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, ya kuamriwa ulale chini barabarani. Lakini sauti ya mama haikuwa ya amri. Kabla hajamaliza salamu walikuwa wamelegea.

Aliwaambia kazi yake. Akawaeleza sindano ilivyomtoa kwenye sauti na ilivyomtoa pia kwenye mkeka wake. Alisema hakuja kulalamika, alikuja kuuliza kwa nini dawa inayomwezesha kufanya kazi iko kwenye maduka ya watu na haiko kwenye kabati la serikali.

Mmoja wa wale wageni, mwanamume mwenye mvi, alimjibu bila kuzunguka. Alisema fedha za afya ni chache, na kati ya hizo, za akili ni chache zaidi, kwa sababu malaria na uzazi na kifua kikuu vinapiga kelele zaidi mezani. Alisema kwa bei ya vidonge vya mtu mmoja wanaweza kuwachoma sindano watu wengi. Akamuuliza mama, kwa heshima, yeye angekuwa kwenye kiti kile angemnyima nani.

Nilihisi tumeshindwa. Mama alimgeukia mzee mmoja aliyekaa nyuma yetu, mtu aliyewahi kuwa askari, ambaye tulizoea kukaa naye kwenye benchi kila mwezi. Alimwomba awaeleze wageni yeye anapenda dawa gani. Yule mzee akasimama wima, mikono imebana mapajani.

"Mimi nataka sindano," alisema. "Vidonge nasahau, na mke wangu amechoka kunifuata navyo. Sindano hainisumbui. Nachomwa, nakwenda kulima. Msiniletee vidonge."

Watu wakacheka, hata mgeni mwenye mvi. Mama alisubiri wanyamaze, kisha akasema maneno ambayo ndiyo niliyokuja kumsikia akiyarudia maisha yake yote. Alisema: "Basi hakuna wa kunyimwa. Tuulizeni kwanza. Wengi hapa watawaambia sindano inawatosha. Sisi ambao haitutoshi si wengi kama mnavyoogopa."

Mgeni hakuahidi kitu. Alisema amesikia, na akaandika. Walikunywa soda wakaondoka, na afisa tabibu akatuambia tusitegemee sana.

Hatukutegemea. Kwa miezi mingi hakikubadilika kitu, ila kimoja, na hicho hakikuhitaji fedha. Afisa tabibu alianza kuwauliza. Kila aliyeingia chumbani alimuuliza dawa inamfanyaje, na angependa nini kama ingewezekana. Foleni ilirefuka, na watu walinung'unika mwanzoni, mpaka walipogundua kwamba zamu yao ikifika nao wataulizwa. Majibu aliyakusanya akayapeleka pamoja na maombi yake ya dawa. Mwanamke mmoja, ambaye kwa miaka hatukuwahi kumsikia sauti, alikaa ndani muda mrefu mpaka tukaanza kutazamana, akatoka akiwa analia na kutabasamu.

Vidonge vikaanza kuja. Havikuja kwa wingi, na havikuja kila mara. Kuna nyakati vilikuwepo mfululizo tukasahau kwamba viliwahi kukosekana, na kuna nyakati kabati lilikuwa tupu na mama akarudi kwenye sindano ndogo akisubiri. Lakini alirudi kwenye sindano kwa hiari yake, akijua ni kwa nini na ni mpaka lini, na hilo, aliniambia, linabadilisha hata uchungu wa ile sindano yenyewe. Mabibi harusi aliwaambia ukweli. Kama mikono haikuwa mizuri, aliwaelekeza kwangu au kwa binti wa sheikh, ambaye alimfundisha akawa hodari kunizidi. Mikono ikiwa mizuri, alipaka mwenyewe.

Ugonjwa ulirudi mara moja tena tangu siku zile. Nilimwona ameanza kusimama karibu na ukuta, nikamwambia, "Mama, twende, panda gari." Alinitazama kwa mashaka, akalitazama gari, akamtazama mjomba aliyekuwa amesimama mbali kama alivyoagizwa. Midomo yake ilikuwa ikitembea, akiwajibu wale wengine. Lakini alipanda. Mjomba alitufuata kwa bodaboda, akatuletea uji hospitalini, akauweka mlangoni mwa wodi na kungoja aitwe.

Aliitwa. Mama alimwita mwenyewe, akamwambia uji umepoa, na wakala pamoja.

Siku hizi kuna kliniki karibu zaidi na kwetu, safi, yenye viti vya chuma na feni. Walimwambia mama ahamie huko kwa kuwa ndiko anakostahili kutibiwa kufuatana na makazi yake. Alikwenda mara moja, akatibiwa vizuri, hana neno baya juu yao. Mwezi uliofuata akarudi Kawempe. Yule afisa tabibu amestaafu, na aliyemrithi ni kijana, lakini ameikuta desturi ya kuuliza na ameiendeleza. Muuguzi mmoja alimwambia mama kwamba anajisumbua bure, mzee kama yeye, foleni na jua lote lile. Mama alimjibu kwamba anajua njia.

Siku ya kliniki huwa namuuliza kama anataka niende naye. Miezi mingine hunikubalia. Mwezi huu alisema hapana, atakwenda na jirani yetu, ambaye naye amezeeka na ana daktari wake wa presha Mulago, upande huo huo wa Kawempe, kwa hiyo njia yao ni moja. Waliondoka asubuhi baada ya chai, wakiwa wanabishana nani atalipa nauli, na mimi nikafungua duka.